Aibu ya mwili na matatizo ya kula: kikundi cha mazungumzo kinavyosaidia

Ndugu wakazi wa kambi, katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya malaria, maji safi na chanjo. Leo tunajifunza juu ya ugonjwa usioonekana kwa haraka kwa sababu mwenye nao anauficha. Ni aibu ya mwili, na matatizo ya kula yanayotokana nayo.

Mwisho wa somo hili utaweza:
- kueleza aibu ya mwili ni nini;
- kutambua dalili za matatizo ya kula;
- kueleza kikundi cha mazungumzo kinavyofanya kazi;
- kujua ni wakati gani mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Aibu ya mwili ni nini?

Ni hali ya mtu kuuchukia mwili wake mwenyewe na kuona kwamba wengine wanamcheka au wanamdharau kwa ajili yake. Tuchukue mifano. Kijana amekonda baada ya safari ndefu ya kukimbia vita, na wenzake wanamtania kila siku. Mama amepata makovu, au amefanyiwa ukatili, na sasa hataki kuoga penye watu. Msichana ameambiwa kwamba ni mnene, akaanza kumwaga chakula chake kwa siri.

Kwetu, salamu nyingi huanza na mwili: "Umenenepa!" au "Mbona umekonda, unaumwa?" Msemaji hana nia mbaya, lakini maneno hayo humchoma mtu ambaye tayari anajichukia.

Dalili za matatizo ya kula

- Kukataa chakula ingawa kipo, au kusema kila siku "nimeshakula".
- Kula kingi sana kwa haraka na kwa siri, kisha kujuta.
- Kujitapisha baada ya kula, au kunywa dawa za kuharisha ili mwili upungue.
- Kukwepa kula pamoja na familia.
- Kwa mwanamke, damu ya mwezi kukatika bila mimba.

Tahadhari: mtu anayekula kidogo kwa sababu mgao hautoshi hana ugonjwa wa akili, ana njaa. Mama anayewaachia watoto sehemu yake naye ana njaa. Hao wanahitaji chakula, na jambo lao lifikishwe kwa wanaosimamia lishe. Pia kukonda kunaweza kuletwa na kifua kikuu, Virusi Vya UKIMWI, kisukari au minyoo. Kwa hiyo hatua ya kwanza daima ni kupimwa kwenye kituo cha afya.

Uganda imetufundisha nini?

Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Kampala, mara nyingi hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Mulago, kwenye kilima kilicho jirani na Wandegeya. Mahali hapo pana historia ya kutusaidia katika somo hili.

Miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa "Slim" nchini Uganda, maana yake ni wembamba, kwa kuwa wagonjwa walikonda sana. Hivyo kukonda kukawa aibu kubwa. Mtu mwembamba alinyooshewa kidole, hata kama ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Wengi walijifungia ndani wakafa bila msaada.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika Mulago, alifiwa na mume wake Christopher kwa ugonjwa huo. Yeye na wenzake wachache, baadhi wakiwa wagonjwa na wengine wakiwa wameuguza au kufiwa, walianza kukutana ili wafarijiane. Kutokana na mikutano hiyo likazaliwa shirika la TASO, ambalo lilianza kutoa huduma palepale Mulago. Wakati huo dawa za kupunguza makali hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja na kusema bila kuficha. Mtu aliyedhani yuko peke yake alikuta wenzake wenye mwili kama wake, nao wakamtazama bila kumkimbia.

Somo la pili linatoka wilaya za Masaka na Rakai. Watafiti walipowauliza wanakijiji juu ya huzuni, walipewa majina mawili ya Kiganda. Moja ni yo'kwekyawa, yaani kujichukia. La pili ni okwekubagiza, yaani kujihurumia. Mwaka 2002 watu wenye hali hizo waliwekwa kwenye vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, muda wa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa eneo hilo waliopewa mafunzo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 kati ya 100 katika vikundi walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Baadaye walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyo na vikundi, walishuka kutoka 94 hadi 55.

Vikundi hivyo vilikuwa vya huzuni, si vya matatizo ya kula. Lakini njia hiyohiyo ya mazungumzo imejaribiwa Marekani kwa watu wanaokula kupita kiasi kwa siri, nayo imewasaidia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia mahali penye wataalamu wachache, kama kambini kwetu.

Kikundi kinaendeshwaje?

1. Kiwe na watu 6 hadi 10, wa jinsia moja, wanaoelewana kwa lugha. Kiongozi azungumze kwanza na kila mmoja peke yake. Watu wenye ugomvi wasiwekwe pamoja.
2. Mahali pawe pa faragha na saa iwe ileile kila wiki.
3. Siri ya kikundi haitoki nje. Lakini maisha ya mtu yakiwa hatarini, kiongozi atamwambia mganga, na jambo hili lielezwe tangu siku ya kwanza.
4. Hakuna kusifu wala kukosoa mwili wa mtu. Hakuna kupimana uzito. Kazi hiyo hufanywa na muuguzi kwa faragha.
5. Kila mmoja anaeleza wiki yake ilikuwaje, na ni tukio gani lilimfanya ajisikie vibaya au asile.
6. Kikundi kinamsaidia kutafuta jambo moja dogo la kufanya kabla ya kukutana tena.

Kwa mfano, mama anasema aliacha kula na familia tangu wifi yake alipomcheka mbele ya wageni. Wenzake hawamwambii "kula tu". Wanamuuliza angependa wifi yake ajue nini, kisha wanafanya naye mazoezi ya kuyasema maneno hayo kwa heshima. Wiki inayofuata anakuja kueleza ilivyokuwa.

Wakati gani kikundi hakitoshi?

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya siku hiyohiyo ikiwa:
- anazirai, au moyo unakwenda mbio au polepole mno;
- anatapika damu, au anatapika kila anapokula;
- miguu imevimba, au hawezi kusimama kwa udhaifu;
- ni mjamzito, anayenyonyesha au mtoto, na hali chakula;
- anasema anataka kufa.

Aliyekaa siku nyingi bila kula asilazimishwe kula kingi kwa mara moja. Chumvichumvi za damu zinaweza kushuka ghafla na moyo ukasimama. Anapaswa kuanzishiwa chakula kidogo kidogo chini ya uangalizi wa mganga.

Familia ifanye nini?

Usimgombeze wala usimchunguze sahani. Mwambie kwa upole ulichokiona: "Naona siku hizi huli nasi, nami nina wasiwasi." Kisha jitolee kumsindikiza kwa mhudumu wa afya. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Aibu nayo hukua gizani, na hupungua mtu anapopata watu wa kumsikiliza.

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani tunayotumia juu ya miili ya wengine yanayoweza kuwaumiza?
2. Kwa nini ilisaidia wagonjwa wa Mulago kukutana hata kabla ya dawa kupatikana?
3. Utamtofautishaje mwenye njaa na mwenye tatizo la kula?
4. Katika mtaa wako, ni mahali gani pangefaa kwa kikundi kukutana kwa faragha?

Ukihitaji kujiunga na kikundi, au unamjua anayehitaji, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au muuguzi wa kituo cha afya. Huna haja ya kueleza sababu mbele ya foleni. Sema tu kwamba unaomba kuzungumza naye faraghani.