Kuhesabu Miti Nayo Ni Kazi?



Ndugu na dada zangu, baada ya darsa ya Ijumaa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kuhesabu miti. Wenzake walicheka, na mimi nikacheka nao. Sikumjibu vizuri siku ile, ndiyo maana naandika.

Nasoma biolojia hapa Mbarara, na nyumbani kwetu ni Nakivale, upande wa Rubondo. Tulifika kutoka Kongo nikiwa mtoto. Baba aliposikia nimechagua mimea, akiwa ametarajia uuguzi, alinyamaza siku nzima. Jioni akasema: "Mwanangu, hata shamba tunalolima si letu. Wewe utapima msitu wa nani?"

Nianze na kazi yenyewe. Mtaalamu wa mimea ya misitu anatenga kiwanja, tuseme mita 20 kwa 20, kisha anautambua kila mti uliomo na kupima mzingo wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Mti asioujua anakata tawi lenye ua au tunda, analikandamiza kati ya magazeti likauke, halafu analipeleka kulinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa Makerere. Magazeti lazima yabadilishwe kila siku. Mimi mara ya kwanza sikuyabadilisha, na sampuli zangu zote zikaota ukungu. Baada ya hapo anaandika kila kitu daftarini, na baada ya miaka anarudi palepale kupima tena. Kurudi huko ndiko watu wengi wasikokujua, na ndiko kunakoipa kazi hii thamani.

Mfano mzuri uko hapahapa Uganda. W. J. Eggeling alikuwa afisa misitu wa serikali ya kikoloni, akafanya kazi katika msitu wa Budongo miaka ya 1930 na 1940. Serikali ile ilitaka mbao, tusijidanganye. Lakini yeye alitenga viwanja na kuandika kilichomo, mti kwa mti. Mwaka 1940 kikatoka kitabu chake cha miti ya asili ya Uganda, na mwaka 1947 makala yake kuhusu Budongo. Alieleza kwamba msitu mchanga una aina chache za miti, unaokua una aina nyingi, na uliokomaa kabisa unatawaliwa na aina chache tena, hasa muhimbi. Mwaka 1978 Mmarekani Joseph Connell alizitumia hesabu hizo kuunga mkono nadharia yake kwamba aina huwa nyingi zaidi pale msitu unaposumbuliwa kwa kiasi, si sana wala si kidogo mno. Miaka ya 1990 Douglas Sheil akarudi kwenye viwanja vya Eggeling vilivyobaki, akaipima miti upya. Sheil huyo baadaye aliongoza taasisi ya uhifadhi wa misitu iliyoko Ruhija, ukingoni mwa Bwindi, ambayo ni ya chuo chetu hiki. Wengi wetu tunapita mbele ya bango lenye jina la chuo kila siku bila kujua hilo.

Sasa turudi Nakivale. Makazi yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na tangu hapo wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Karibu kila jiko linataka kuni au makaa. Vilima vya huku vina nyasi na migunga, na mtu akipita na gari anaona visiki tu, anasema wakimbizi wamemaliza miti.

Ukiinama ukitazame kisiki, utaona zaidi. Migunga mingi ikikatwa inachipua. Nchini Uingereza, Oliver Rackham wa Cambridge, aliyefariki mwaka 2015, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba misitu mingi ya kale ya kwao ilikatwa kuni kila baada ya miaka michache, karne kwa karne, na ikabaki misitu. Kinachoua ni kung'oa visiki ili kulima, au kuacha wanyama wale machipukizi kabla hayajarefuka. Kwetu wanyama hao ni mbuzi na ng'ombe. Kwa hiyo swali la kilima chetu si nani anakata. Ni kisiki gani kinapumzishwa, na kwa muda gani. Jibu haliwezi kupatikana bila mtu kupima na kurudi.

Likizo iliyopita nilipanda kilimani na kamba yangu. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unapima nini, mwanangu? Wanataka kutufukuza hapa?"

Nilishtuka. Kwa mkimbizi, mtu mwenye kamba na daftari ni habari mbaya. Nilimweleza. Hakuniamini mara moja, lakini alikaa chini, akaniambia ni mti gani unawaka bila moshi na ni upi unachipua upesi ukikatwa juu kidogo ya ardhi. Niliandika yote.

Njiani nikakumbuka habari iliyo katika Sahihi Bukhari. Umar (r.a.) alikuwa na hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Alimwagiza msimamizi wake, Hunayy, awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache waingie, na awe mwangalifu na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, masahaba matajiri, kwa sababu wao mifugo ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia, na maskini hana. Hifadhi ile ilikuwa na mlango, na mlango ulianza kwa mnyonge. Uhifadhi unaomwona yule mama kuwa ni adui tu haukujengwa hivyo.

Baba sijamjibu bado kwa maneno. Ila nilipokuwa naondoka kurudi chuoni aliniomba nimwonyeshe vilipo vigingi vya kiwanja changu. Tulipanda pamoja. Kimoja kilikuwa kimeng'olewa, pengine kimeshapikia maharage ya mtu. Baba alitafuta jiwe kubwa, akaliweka mahali pake, akaniambia kuni wanachukua, jiwe hawatachukua.