Fundi Aliyekaukiwa na Fikra: Dawa Yake Si Hirizi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yetu mmoja, fundi cherehani wa Matungu, jirani na Mumias katika Kakamega, ametuuliza suala ambalo twaona lawahusu wengi wa mafundi wetu hapa pwani. Kwa muda wa miezi, akikaa mbele ya kitambaa akili haimfungukii. Ashona mishono ile ile, na wateja wapungua. Ameambiwa kwamba amefungwa kwa husuda, na yuko mtu ataka kumuuzia hirizi ya kufungulia riziki. Auliza: je, ainunue?

Jawabu, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: asiinunue.

Kwanza, yampasa mtu aitazame sababu iliyo dhahiri kabla ya kuikimbilia iliyofichika. Watu wa upande ule waliishi kwa miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na mwaka 2019 kikatiwa mikononi mwa msimamizi kwa ajili ya madeni. Mkulima asiyelipwa miwa yake hashoni kanzu mpya. Basi fundi hukesha akihesabu deni la kitambaa na kodi ya chumba, kisha asubuhi aitaka akili ile ile imbunie mshono mzuri. Itapata nafasi wapi? Katika dua aliyoipokea Anas bin Malik, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume wetu (S.A.W.) alijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na kushindwa na uvivu, na uzito wa deni. Aliyataja pamoja, kwani moja huvuta jingine.

Pili, hatukanushi kuwa jicho lipo, maana limethibiti katika hadithi. Lakini kinga yake ni dua na kusoma Qul-A'udhu mbili, jambo ambalo Muislamu hujifanyia mwenyewe bila ya kulipa hata senti. Ama hirizi, Mtume (S.A.W.) aliikemea, na katika hadithi ya Uqba bin Amir aliyoipokea Imam Ahmad, kuifunga kumehesabiwa kuwa ni shirki. Je, ni akili kutoa fedha ya kitambaa ukanunua khasara ya dunia na ya dini?

Tatu, na atazame mwendo wa masahaba. Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina aliacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabi'i, akataka kumgawia nusu ya mali. Abdulrahman akamuombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akenda, akauza na kununua, akarudi na jibini na samli. Hakungoja fikra kubwa imshukie nyumbani. Alitoka akaenda kuona watu wahitaji nini.

Na hapa Mombasa tuna mfano tuuonao kila siku. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake zajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilifunguliwa mwaka 1887, na mpaka leo watu watazama jina la leso kabla ya kutazama rangi. Majina hayo huwagusa wanunuzi kwa kuwa ni maneno ya watu wenyewe, ya furaha yao na ya ugomvi wao. Asiyesikiliza watu hana la kuandika juu ya leso, wala hana la kushona.

Basi twamnasihi ndugu yetu mambo manne. Hesabu ya deni aiwekee daftari na saa yake, wala asiilete mbele ya cherehani. Kila mteja amuulize ni wapi nguo yake ya zamani yambana au yamchosha. Huko ndiko mshono mpya utokako. Vipande vilivyosalia avishonee mfano mdogo, kwani mkono ukianza, akili hufuata. Na ataka shauri kwa fundi aliyemtangulia, kwani katika Sura ya Ash-Shura Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana.

Kisha apumzike bila ya kujilaumu. Hanzala alipolalamika kwamba hali ya moyo wake haidumu, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kuwa moyo una saa hii na saa ile. Na akiazimia jambo, asali istikhara: ni rakaa mbili na dua, kisha mtu hutenda. Si kulala ukingoja ndoto, kama wengi wetu tudhanivyo.

Fedha aliyotakiwa kwa hirizi, na ainunulie kitambaa. Mwenyezi Mungu amfungulie yeye, na atufungulie sote. Amin.