Somo: Kurekebisha Fokasi ya Nyuma ya Kamera ya Video



Katika mikutano yetu ya upatanisho tunahitaji picha mbili. Ya kwanza ni ya karibu: uso wa mama au mzee anayesema. Ya pili ni ya mbali: watu wa pande zote mbili wameketi pamoja. Hiyo ya pili ndiyo ushahidi kwamba wote walikuwepo. Ikitoka na ukungu, watu watauliza: «Mbona msemaji wao anaonekana, na wazee wetu wamefutwa?» Hapo filamu iliyokusudiwa kupatanisha inaleta neno jipya.

Dalili ni rahisi kuijua. Ukivuta karibu, uso ni safi. Ukirudisha mbali bila kugusa kitu kingine, picha yote inaingia ukungu. Basi fokasi ya nyuma imehama.

Sababu yake

Kati ya lenzi na kipande kinachopokea picha ndani ya kamera kuna umbali maalumu. Kwa lenzi za televisheni za aina ya B4, ni milimita 48. Umbali huo ukibadilika hata kidogo sana, picha ya mbali inaharibika. Mitikisiko ya barabara zetu, kubadilisha lenzi, na joto au baridi vinaweza kuuhamisha. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya milima ya Minembwe ikashuka hadi joto la Uvira ipumzike kwanza, ndipo ipimwe.

Jinsi ya kurekebisha

1. Chora nyota kwenye karatasi nyeupe: pembe nyeusi nyembamba zinazokutana katikati, kama spoku za gurudumu la baiskeli. Ibandike ukutani.

2. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mita 3 au zaidi kutoka kwenye nyota.

3. Ondoa mwanga wa otomatiki, kisha fungua tundu la mwanga lote. Tundu likiwa dogo, kosa hujificha. Jua likiwa kali, fanyeni kazi kivulini au tumieni filta ya kupunguza mwanga.

4. Vuta karibu kabisa. Zungusha pete ya fokasi ya mbele mpaka katikati ya nyota paonekane wazi.

5. Rudisha mbali kabisa. Usiguse tena pete ya mbele. Legeza skrubu ya pete ya nyuma, iliyo karibu na mwili wa kamera. Mara nyingi imeandikwa F.B au F.f. Izungushe polepole mpaka nyota iwe safi.

6. Rudia hatua ya 4 na ya 5, mara mbili au tatu, mpaka nyota ibaki safi karibu na mbali. Kisha kaza skrubu, maana ikilegea kazi yote imepotea.

Kamera ndogo za mkononi zenye lenzi isiyotoka kwa kawaida hazina pete hiyo. Zikionyesha dalili hii, zipelekwe kwa fundi.

Neno kwa viongozi

Wazee na viongozi wa kambi, waombeni wapiga picha wafanye kipimo hiki kabla watu hawajaketi. Mama aliyesimulia msiba wake mbele ya watu hastahili kuambiwa aanze upya kwa sababu ya skrubu.

Tena, ukungu wa lenzi si kinga. Anayeogopa kujulikana anaweza kutambuliwa kwa sauti, kwa nguo au kwa aliyeketi naye. Kuonekana au kutoonekana ni uamuzi wake mwenyewe, na aulizwe mapema.

Maswali ya kuzungumzia

– Katika mikutano yetu, ni nani ambao picha huwaacha nje?
– Nani atatazama picha ya mbali pamoja na mpiga picha, kwa niaba ya kila upande, kabla mkutano haujaanza?