Jimu ya nyumbani kwa gharama ndogo: somo linaloanza na mtungi wa maji

Katika mitaa ya Kaptembwo na Rhonda jijini Nakuru, familia nyingi huishi katika nyumba za kupanga za chumba kimoja au viwili. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, mfanyakazi husimama kutwa nzima. Kule Molo, mkulima hubeba magunia ya viazi ya kilo 50 wakati wa mavuno, kisha hukaa wiki kadhaa bila kuinua kitu kizito. Mhudumu wa bodaboda naye hushinda amekaa juu ya pikipiki. Wote hawa huambiwa wafanye mazoezi, na wengi hujibu kwamba hawana pesa za kulipia jimu wala nafasi ya kuweka mashine.

Somo hili linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuandaa mahali pa mazoezi nyumbani bila kununua mashine yoyote. Jambo la msingi ni moja: misuli haijui bei ya chuma. Inachojua ni uzito wa mzigo, na kama mzigo huo unaongezwa kidogo kidogo. Chombo kinachoweza kuongezwa uzito kwa kipimo kinachojulikana kimo tayari katika karibu kila nyumba, nacho ni mtungi wa maji.

Mazoezi kiasi gani yanatosha?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mazoezi ya wastani ni yale yanayomfanya mtu aheme kidogo, lakini bado aweze kuzungumza. Akiweza kuimba, hajafika. Akishindwa kumaliza sentensi, amepita kiwango hicho.

Pamoja na hayo, mwongozo huo unataka misuli mikubwa ya mwili ifanyishwe kazi angalau siku mbili kwa wiki: miguu, mgongo, kifua, mabega, mikono na tumbo. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya kujisawazisha siku tatu kwa wiki ili kupunguza hatari ya kuanguka. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku.

Sehemu ya kwanza haigharimu kitu. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano kunatimiza dakika 150. Kulima, kuchota maji na kwenda kazini kwa miguu pia kunahesabiwa. Sehemu ambayo wengi huikosa ni ile ya misuli, na hiyo ndiyo kazi ya jimu ya nyumbani. Mkazi akilielewa hilo, hatatumia pesa kununua mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba ilhali barabara iko mlangoni.

Hatua ya kwanza: kupima presha

Utafiti wa kitaifa wa STEPwise uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Hali hii mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kujiona mzima kabisa na presha yake iko juu.

Hili lina uzito kwa anayetaka kuanza kuinua vitu vizito. Mtu anapoinua mzigo huku amezuia pumzi, presha hupanda ghafla. Kwa aliye mzima, hushuka mara tu anapotua mzigo. Kwa ambaye presha yake ilikuwa juu bila yeye kujua, hiyo ni hatari.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa kote nchini kuanzia mwaka 2023, wana mashine ya kupima presha, kifaa cha kupima sukari na mizani. Mkazi anaweza kumwomba mhamasishaji wa kijiji au mtaa wake ampime, au afike katika zahanati iliyo karibu. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ni ishara ya shinikizo la juu la damu, na mtu huyo azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza kuinua mizigo. Ushauri huo pia unamhusu mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari, mama mjamzito, na yeyote aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni.

Aliye na presha hakatazwi mazoezi. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia kuishusha. Anachotakiwa ni kuanza kwa kiwango kinachomfaa na kuendelea kunywa dawa alizopewa.

Hatua ya pili: kutafuta nafasi

Nafasi inayotosha ni ile ya kulaza mkeka mmoja na kunyosha mikono bila kugusa ukuta. Meza ikisogezwa kando, chumba kimoja kinatosha. Mambo manne yazingatiwe:

Moja, mtu asifanye mazoezi katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa linalowaka. Asubuhi za baridi, hasa Molo na Kuresoi, wengi huingiza jiko ndani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayehema kwa nguvu huivuta kwa wingi zaidi. Jiko litolewe nje na dirisha lifunguliwe.

Mbili, sakafu iwe kavu. Maji yakimwagika kutoka kwenye mtungi yapanguswe kabla ya kuendelea.

Tatu, anayeishi ghorofani asitupe mzigo sakafuni wala kuruka kamba ndani ya nyumba usiku. Kamba irukwe uani.

Nne, mtu asining'inie kwenye mbao za paa la nyumba ya kupanga. Nyingi hazikujengwa kubeba uzito wa mtu anayejivuta.

Hatua ya tatu: hesabu ya mtungi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo mtungi wa lita 5 uliojaa ni kilo 5, wa lita 10 ni kilo 10, na wa lita 20 ni kilo 20, ukiacha uzito mdogo wa plastiki yenyewe. Dambeli ya dukani hubaki na uzito uleule daima, na anayepata nguvu hulazimika kununua nyingine. Mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kuwa kilo 6 leo na kilo 7 wiki ijayo, kwa kuongeza lita moja tu kwa chupa.

Mtungi uwe na kifuniko kinachokaza na mkono usio na ufa. Mkono ukiumiza vidole, uzungushiwe kitambaa. Mtungi uliowahi kuwekwa dawa ya kunyunyizia mimea usitumiwe kabisa, hata ukioshwa. Maji ya mazoezi si lazima yawe safi ya kunywa, na baadaye yanaweza kumwagiliwa sukumawiki.

Anayetaka mzigo wa mgongoni anaweza kutumia begi la shule na pakiti za unga za kilo 2. Pakiti tatu ni kilo 6. Pakiti zifungwe kwa mfuko wa plastiki ngumu, na unga utaliwa baadaye kama kawaida.

Vyuma vya simiti, vinavyopendwa na vijana mitaani, ni rahisi kutengeneza lakini vinahitaji uangalifu. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4, kwa hiyo mkebe wa rangi wa lita 4 ukijazwa unakaribia kilo 10. Ncha ya bomba itobolewe na kupitishwa misumari mirefu ili zege iishike, la sivyo mkebe utachomoka na kumwangukia mtu. Zege imwagiliwe maji kwa siku kadhaa na iachwe wiki nne ikomae kabla ya kutumiwa. Mikebe yote miwili ipimwe kwenye mizani ya duka au ya kinu cha kusaga unga, kwa sababu chuma chenye upande mmoja mzito hupindisha mgongo. Kikishatumiwa, kilazwe chini mahali ambapo watoto hawawezi kukivuta.

Hatua ya nne: ratiba

Ratiba ifuatayo ni ya siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Mtu aanze kwa dakika tano za kutembea papo hapo na kuzungusha mabega ili mwili upate joto.

1. Kukaa na kusimama. Kiti kiegemezwe ukutani. Mtu akae polepole, kisha asimame bila kujisukuma kwa mikono. Akizoea, akumbatie mtungi kifuani.

2. Kujisukuma. Anayeanza asukume ukuta, baadaye meza imara, na mwisho sakafu.

3. Kuvuta mtungi. Mkono mmoja ushike kiti, mgongo unyooke, mkono wa pili uvute mtungi hadi kiunoni.

4. Kuinua kutoka chini. Mtungi uwe karibu na miguu. Magoti yakunjwe, mgongo ubaki umenyooka, na nguvu itoke miguuni na kwenye makalio.

5. Kutembea na mitungi. Mtungi mmoja kila mkono, hatua 20 kwenda na 20 kurudi, mabega yakiwa sawa.

6. Kujishikilia. Viwiko na vidole vya miguu viwe chini, mwili unyooke kama ubao, kwa sekunde 15 hadi 30.

Mazoezi manne ya kwanza yarudiwe mara 8 hadi 12, kisha mzunguko wote urudiwe mara mbili au tatu. Kanuni ya pumzi ni kuitoa wakati wa kuinua na kuivuta wakati wa kushusha. Pumzi isizuiwe.

Wiki mbili za kwanza mtu afanye bila mzigo, na katika kutembea abebe mitungi mitupu. Wiki ya tatu aweke lita 5. Akiweza kumaliza mizunguko mitatu ya mara 12 katika siku mbili zinazofuatana za ratiba, aongeze lita moja. Asipoweza, abaki hapo hapo. Maumivu ya misuli siku moja au mbili baada ya zoezi ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi si ya kawaida. Mtu aache mara moja na atafute huduma ya afya.

Kujifunza mtindo kabla ya kuongeza mzigo

Bingwa wa kurusha mkuki Julius Yego, aliyezaliwa Kaunti ya Nandi, alijifunza sehemu kubwa ya mtindo wake kwa kutazama video za warushaji wakubwa kwenye intaneti, kwa sababu hakuwa na kocha wa mchezo huo. Mwaka 2015 alishinda dhahabu ya Mashindano ya Dunia jijini Beijing kwa mtupo wa mita 92.72. Anayetumia njia hiyo nyumbani atazame zoezi moja kwa makini, alijaribu bila mzigo, kisha amwombe mtu wa nyumbani amrekodi kwa simu ili aone kama mgongo wake umenyooka.

Kama pesa zipo, zinunue nini?

Ununuzi ungoje hadi mtu amalize wiki nane za ratiba. Wengi hununua vifaa kwanza na kuacha mazoezi baadaye, na vifaa hubaki kuwa vya kuanikia nguo. Baada ya wiki nane, mtu anajua anachohitaji. Kwa kawaida orodha huwa fupi: kamba ya kuruka, mkeka na mpira wa kuvuta. Ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli unaweza kufanya kazi ya mpira huo, mradi ukaguliwe kila mara. Wenye ufa unaweza kukatika na kumpiga mtu jichoni.

Anayenunua vyuma agawanye bei kwa idadi ya kilo. Kwa mfano, jozi ya dambeli za kilo 5 kila moja ikiuzwa shilingi 3,000, kila kilo inagharimu shilingi 300. Hesabu hiyo inamwezesha kulinganisha duka, fundi wa jua kali na anayeuza vilivyotumika. Chama cha majirani watano kinaweza pia kununua seti moja na kupangiana siku. Faida nyingine ya chama ni kwamba asiyefika siku yake huulizwa sababu.

Kumbukumbu

Daftari la kurasa chache linatosha. Kila siku ya mazoezi ziandikwe tarehe, lita zilizokuwa ndani ya mtungi na idadi ya marudio. Mara moja kwa mwezi yaandikwe pia matokeo ya kipimo cha presha kutoka kwa mhamasishaji wa afya ya jamii au zahanati. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aende na daftari hilo kliniki, ili mhudumu aone mazoezi aliyofanya na vipimo vyake kwa pamoja anapoamua kuhusu matibabu.