Kidole Tumbo: Maumivu Yaanzayo Kitovuni

Upande wa chini wa kuume tumboni, pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, pana kifuko chembamba chenye urefu kama wa kidole cha mkono. Ndicho kiitwacho kidole tumbo. Kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukizibwa na kinyesi kikavu, au na uvimbe wa ndani, au pengine na minyoo, vijidudu huzaana humo na kifuko chote huvimba. Wako wasemao kwamba ugonjwa huu huletwa na mbegu za mapera. Mbegu huonekana humo mara chache mno, wala hapana haja ya kumnyima mtoto tunda lake.

Maumivu huanza kwa hila. Kwanza husikika karibu na kitovu, wala si makali, hata mgonjwa akadhani amekula chakula kilichochacha. Hamu ya kula humtoka, moyo humchafuka, pengine hutapika. Baada ya saa kadhaa maumivu huhama, yakashuka upande wa kuume na kukaa hapo. Kuhama huko ndiko dalili ya kuangaliwa sana, ingawa si kila mgonjwa huipata. Akikohoa huchomwa, akisafiri kwa matatu kwenda Eldoret, kila shimo la barabarani humuumiza. Homa huwa ndogo, na kwa hiyo wengine humeza dawa ya malaria pasipo kupimwa damu, na siku nzima ikapotea.

Mgonjwa wa namna hiyo asipewe haluli, asikandwe tumbo, wala asile kitu mpaka aonwe na daktari. Kifuko chaweza kupasuka siku ya pili au ya tatu. Hapo pengine maumivu hupungua ghafula, jamaa wakashukuru kwamba amepona, kumbe usaha unaenea tumboni.

Ugonjwa huu hauchagui cheo. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alipatwa nao siku chache kabla ya kutawazwa. Sherehe iliahirishwa, akapasuliwa tarehe 24 Juni, na taji akavikwa tarehe 9 Agosti.

Mjini Eldoret upasuaji hufanywa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza kama hospitali ndogo mwaka 1917. Mwenye mimba asingoje maumivu yashuke, kwa maana mimba ikikua hukisukuma kifuko juu. Na kila mgonjwa amweleze daktari saa maumivu yalipoanza, na mahali yalipoanzia.