Mzee akiweweseka wodini, usiseme ni uzee tu

Tuseme juzi ulimvusha baba yako Feri kutoka Likoni, akalazwa katika Hospitali Kuu ya Pwani kwa nimonia. Alipoingia wodini alikujua, hata akakutania. Leo jioni unamkuta anang'oa mpira wa dripu na kumwita nduguye aliyekufa zamani. Shangazi asema ni uzee. Jirani asema ni jini.

Huko ni kuweweseka, na ni jambo la dharura. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuweweseka huja kwa saa au siku chache, tena hupanda na kushuka: asubuhi mzee ana fahamu zake, usiku amepotea. Mwambie ataje siku za juma kinyumenyume, kutoka Jumamosi. Ikiwa jana aliweza na leo anapotea njiani, mwite muuguzi.

Si wote wanaopiga kelele. Wengine hulala tu, kimya, chakula hawakigusi. Hao ndio husahauliwa, maana hawamsumbui mtu, na huenda hali yao ikawa mbaya zaidi.

Chanzo kimo mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, maumivu, sukari kushuka, mkojo uliozuilika, hata choo kigumu. Dawa nazo zimo. Valium, na Piriton ambayo wengi wetu huinunua kama peremende, zaweza kumvuruga mzee. Kwa hiyo mpe daktari orodha ya dawa zote anazotumia, za miti shamba pia.

Mwaka 1999 madaktari wa Marekani, akiwemo Sharon Inouye, walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Waliopata uangalizi wa kawaida, asilimia 15 waliweweseka. Waliopata uangalizi maalumu, asilimia 9.9. Uangalizi wenyewe haukuwa mashine. Ulikuwa miwani, kifaa cha kusikia, maji ya kunywa, kutembezwa, usingizi wa usiku, na mtu wa kuzungumza naye.

Hayo jamaa anaweza. Mletee miwani yake na meno yake ya bandia. Akiruhusiwa, mnyweshe maji na umwinue aketi. Adhana ikisikika, mwambie ni ya alasiri, na kwamba yuko hospitali. Akibisha, usishindane naye, mshike mkono. Msimfunge kitandani, na msimjie watu kumi kwa pamoja.

Kwa daktari sema wazi: "Hii si kawaida yake, alianza jana usiku." Daktari hamjui baba yako alivyokuwa. Wewe wamjua.