Kifua kinachobana njiani kutoka bombani

SWALI: Daktari, mimi ni mzee wa miaka 58, naishi Kakuma 3. Nikibeba mtungi wa lita 20 kutoka bombani, kifua kinabana kama kimefungwa kamba. Nikiketi kidogo kinaachia. Nilipimwa ECG nikaambiwa moyo uko sawa, nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Dawa imekwisha, kifua bado. Nina presha na ninatafuna tumbaku. Je, ni moyo au tumbo?

JIBU: Mzee wangu, ninashuku moyo kwanza. Vidonda vya tumbo havina habari kama umebeba maji au umeketi. Maumivu yanayoletwa na kazi na kuondolewa na mapumziko ni dalili ya mishipa inayolisha moyo kuwa myembamba kwa mafuta yaliyoganda ndani. Ukiketi damu inatosha. Ukibeba mzigo moyo unadai zaidi, na njia ni ndogo.

Hiyo ECG isikutulize. Ulipimwa umelala, kifua hakiumi, na karibu nusu ya wenye ugonjwa huu hutoka na karatasi safi namna hiyo. Rudi kliniki ukaseme habari ya mtungi kama ulivyoniandikia mimi, maana maelezo hayo yana uzito kuliko karatasi. Omba wapime presha, sukari, mafuta ya damu na wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu pia hubana kifua. Kisha uliza rufaa ya Lodwar, kama kilomita 120 tu. Kipimo cha kuona mishipa yenyewe, anjiogramu, kitakupeleka mbali zaidi, hata Nairobi. Kama wewe ni mkimbizi, ulizia kibali cha kusafiri mapema.

Lakini matibabu hayasubiri Nairobi. Aspirini ndogo, statini ya kushusha mafuta ya damu, na dawa ya kupunguza mapigo ya moyo ni vidonge vya kawaida. Kwa wengi ambao maumivu yao hayajabadilika, tafiti kubwa zimeonyesha kuwa stenti, yaani kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo, hupunguza maumivu ila hairefushi maisha kuliko dawa zinazomezwa sawasawa. Kama umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi, sema kabla ya kupewa aspirini.

Ukipewa nitroglisirini ya kuweka chini ya ulimi, keti kwanza, maana hushusha presha ghafla. Usiichanganye kamwe na dawa za nguvu za kiume. Iache katika chupa yake, mahali penye baridi kuliko kwingine nyumbani. Kwenye joto la mabati ya Kakuma huharibika upesi. Tumbaku nayo, hata ya kutafuna, iache.

Kifua kikibana umeketi, kisiachie kwa dakika 15, au ukitokwa na jasho jembamba na maumivu yakipanda taya au mkono, usingoje asubuhi. Tafuna aspirini ya miligramu 300 kama haijakatazwa kwako, upelekwe hospitali hapo hapo. Usitembee, mtu akubebe.